Kamera Ikikaa Fasi Mbaya

Ninyi mliochaguliwa kwenda kusomea uuguzi na udaktari Mbarara, niliwaona Jumapili kanisani hapa Juru, katika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, mkipigiwa makofi, makoti meupe tayari mgongoni, na bado hamjui hata choo cha shule kiko upande gani. Hongereni. Mmoja wenu alinifuata baada ya misa akaniuliza kwa heshima, "Mama Nabintu, kule hospitali ulikuwa unafanya kazi gani hasa?" Nikamwambia nilikuwa nashika kamera. Akasema, "Aah," kwa sauti ya mtu anayempa pole mgonjwa.

Basi nawaandikia kwa sababu ya ile "aah".

Upasuaji wa matundu uko hivi. Daktari halifungui tumbo kama begi la safari. Anatoboa matundu matatu au manne, kila moja kama upana wa kidole, anajaza hewa ili tumbo liinuke kama hema, halafu anapitisha vyombo vyembamba na virefu. Ndani hakuingii mkono wake wala jicho lake. Kinachoona ni kamera, bomba lenye taa mbele, ambalo linaingia katika tundu mojawapo na kupeleka picha kwenye televisheni. Daktari anaangalia televisheni huku mikono ikifanya kazi chini. Na kamera anaishika nani? Yeye mikono yake imejaa. Anaishika mtu ambaye jina lake haliandikwi popote, ambaye akifanya vizuri hakuna anayemkumbuka, na akikosea anakumbukwa na watu wote hadi mlinzi wa getini. Mtu huyo nilikuwa mimi, miaka kumi na mmoja.

Majirani zangu walisikia tu neno kamera, wakafurahi. Kila arusi ya Juru nikakabidhiwa simu nipige picha. Nilipiga nyingi. Kwa vile nimezoea matumbo, vichwa vya maharusi nilivikata vyote, na watu wakaacha kunialika.

Kwetu Kivu ya Kusini nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka kumi na mitano. Vyeti vyangu vilibaki ndani ya nyumba ambayo sikupata nafasi ya kuifunga mlango. Nilipofika Uganda niligundua kwamba mikono bila karatasi si mikono. Hospitali moja ya Mbarara ikanipokea kwa ukarimu mkubwa nifue mashuka ya chumba cha upasuaji, kazi ambayo bila shaka inahitaji uzoefu wa miaka kumi na mitano. Nikapanga chumba kidogo mjini, mwisho wa wiki nikawa narudi Nakivale kwa mume wangu na shamba letu la maharagwe.

Aliyenitoa kwenye mashuka ni Sista Kyomuhendo, msimamizi wa chumba cha upasuaji, Munyankore mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baba yake alikuwa askari, na Kiswahili alikijifunzia kambini, kwa hiyo hata akikukaribisha chai unasikia kama umeitwa gwaride. Siku moja alinikuta nimepanga vyombo vya upasuaji juu ya meza, kila kimoja mahali pake, wakati nilitumwa kuleta taulo tu.

"Nani nafundisha wewe hii?"

"Kazi, Sista."

"Basi kesho mashuka wacha. Kuja ndani."

Wakati huo mashine ya matundu ilikuwa mpya, na daktari wake pia alijiona mpya. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Mkubwa, na yeye alidhani ni kwa heshima. Alikuwa amekwenda nje kujifunza na kurudi na cheti alichokiweka kwenye fremu kubwa kuliko dirisha la ofisi yake. Niwe mkweli, mikono yake ilikuwa mizuri sana. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusema hivyo, lakini ilikuwa kweli.

Siku yangu ya kwanza niliishika kamera kama mtoto mchanga, nikailaza ubavu bila kujua. Kwenye televisheni ini likapanda ukutani. Mkubwa akainamisha kichwa kulifuata, mpaka sikio likakaribia bega.

"Musawo," akaniita, jina ambalo Uganda wanampa kila mtu wa hospitali, "mbona mgonjwa ameanguka kitandani?"

"Hajaanguka, Dokta."

"Basi ni wewe umeanguka. Inuka."

Kamera ina kitufe juu yake. Kitufe kikiangalia dari, picha imesimama. Hiyo ndiyo siri yote ya elimu ile, na ilinichukua wiki mbili kuishika. Siku nyingine niliona kitu kinang'aa pembeni ya utumbo, nikakifuata kidogo, nikakifuata tena kidogo. Nilikuwa nimeshasahau kwamba kuna mtu anakata.

"Mama," Mkubwa akasema polepole, "mimi niko hapa Mbarara, nina mkasi mkononi. Wewe umeshafika Ngarama. Unavuka Tanzania kutafuta nini?"

Kamera haitalii. Inakaa na ncha ya chombo, katikati ya picha. Akikata, unasogea karibu. Akiingiza chombo kingine, unarudi nyuma uone kinapoingia kisije kikachoma kisichohusika. Kiwiko unakibana ubavuni, la sivyo baada ya nusu saa mkono unatetemeka na wagonjwa wote wanaonekana wana homa. Na kioo cha mbele hupata ukungu, kwa sababu tumbo lina joto na kamera ni baridi, ndiyo maana kinachovywa kwanza katika maji ya moto yaliyochemshwa safi. Tuliyaweka kwenye chupa ya chai. Chupa ya chai yenyewe, ile ya wauguzi, ilikuwa na rangi ile ile. Siku moja nilimimina mwenyewe kwenye bakuli, kwa uangalifu wote, na Sista akaja akanusa tangawizi.

"Hii tumbo naomba chai?" akauliza.

Kamera ilirudishwa kusafishwa upya, mgonjwa akaongezewa usingizi, nami nikapewa jina ambalo sitaliandika hapa kwa sababu mtalitumia.

Baada ya hapo Sista aliniagiza nikajifunzie nyumbani. Nilichukua katoni ya sabuni, nikatoboa matundu mawili, nikapitisha vijiti viwili nilivyovifunga koleo ndogo mbele. Ndani nikaweka sahani ya maharagwe na kikombe. Simu yangu nikaisimamisha ndani ya katoni, nikapiga simu ya video kwenda simu ya mume wangu, Baba Amani, ambayo niliiweka mbele yangu iwe televisheni. Alikuwa anataka kuangalia mpira. Alinipa simu kwa upendo, yaani baada ya kubishana.

Simu ikikaa upande wangu, nyuma ya vijiti, ikitazama kule ninakotazama mimi, kazi ilikuwa rahisi. Baada ya siku chache harage lilikuwa linaingia kikombeni bila mimi kufikiri. Halafu nikajaribu kuihamishia ng'ambo ya katoni, initazame mimi. Wanangu! Nikipeleka mkono kulia, kijiti kwenye picha kinakwenda kushoto. Nikisukuma mbele, chenyewe kinanijia usoni. Mikono ile ile, maharagwe yale yale, na nikawa kama mtu aliyekunywa. Nikailaza simu ubavuni, si mbele si nyuma, ikawa vibaya kwa namna nyingine, kwa sababu sikuweza kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

Baba Amani alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia ajaribu. Mtu huyu anapanda maharagwe shamba zima bila kuangalia mikono yake. Alipambana kwa muda mrefu, jasho likamtoka, hakuokota hata moja.

"Haya maharagwe hayako mazuri," akasema.

Nikajua kwamba angeweza kuwa daktari bingwa.

Sasa nifike kwa Consolata. Ni Mrundi, mjane, anakaa hapa hapa Juru nyuma ya kisima, na wengi wenu mmekula mahindi yake. Kwa miaka minne, kila akila chakula chenye mafuta, ubavu wa kulia unamkamata hadi analala chini katikati ya shamba. Aliambiwa ni vidonda vya tumbo. Aliambiwa ni sumu. Shemeji yake alimwambia ni roho mbaya, na kwa kuwa ni shemeji, alijua anachosema. Mwishowe kipimo kilionyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo, na kifuko kilitakiwa kutolewa kwa matundu.

Asubuhi ya kazi nilimkuta kwenye kitanda cha magurudumu, rozari mkononi.

"Mama Nabintu, na wewe uko mule ndani?"

"Niko mule."

"Basi siogopi," akasema, akanipa rozari nimtunzie.

Lakini siku hiyo tulikuwa na wageni. Wakubwa walikuja kuiona mashine, watu wa tai na hotuba, na mmoja wao alikuwa amevaa kichwani kile kifuko tunachovaa kwenye viatu. Hakuna aliyemwambia. Mkubwa alikuwa anang'aa kama amepakwa mafuta.

Kwa kawaida yeye husimama kushoto kwa mgonjwa. Televisheni inakaa mbele yake, upande wa pili, kwenye bega la kulia la mgonjwa. Kamera inaingia kitovuni, nami nasimama ubavuni mwake, karibu mpaka najua amekunywa nini asubuhi. Macho yake, mikono yake, kamera na televisheni, vyote vinatazama njia moja. Siku hiyo aliigeuza televisheni ielekee mlangoni, walikosimama wageni, ikambidi yeye asokote shingo kuiona. Halafu akaona kwamba nikisimama ubavuni mwake nawaziba.

"Mama, wewe nenda ng'ambo," akasema. "Kamera leo tutaipitisha ubavu wa kulia. Wageni waone vizuri."

Nilijua. Katoni ya sabuni ilikuwa imeshanifundisha. Ila wageni walikuwa na tai, na mimi nilikuwa mkimbizi niliyetolewa kwenye mashuka, basi nikanyamaza nikaenda ng'ambo. Mnaponisikia nawacheka wengine, msisahau kwamba hapo nilinyamaza.

Kitovuni akapitisha chombo kingine, kazi ikaanza. Wanangu, niliona mikono mizuri kuliko yote Mbarara ikigeuka mikono ya Baba Amani. Anataka kushika kifuko, anashika mafuta ya pembeni. Anasukuma, chombo kinakuja. Kwanza akasema koleo ni mbovu, akaletewa nyingine. Halafu umeme ulikuwa hafifu, ingawa taa zote ziliwaka vizuri. Halafu mtaalamu wa usingizi alikuwa amemlaza mgonjwa vibaya. Mwisho nikawa mimi.

"Musawo, kamera!"

"Imesimama, Dokta."

Mgeni mmoja akauliza kama ile nyekundu ni kawaida. Damu kidogo, Mkubwa akamjibu, kawaida kabisa. Uzi wa miwani ya Sista ulikuwa umelowa jasho, na si yeye aliyekuwa anakata.

Kifuko cha nyongo kina kamrija kadogo kanakotoka shingoni mwake. Hako ndiko kanakobanwa na kukatwa. Jirani yake kuna mrija mkubwa, unaotoa nyongo kwenye ini na kuipeleka kwenye utumbo. Huo ukiukata umemkata mtu maisha yake. Nyongo itamwagika tumboni au itarudi kwenye damu, mgonjwa atageuka manjano, atapasuliwa tena na tena, na wengine hawafiki mwisho wa hayo. Kwa kamera ya kitovuni nimeiona hiyo mirija miwili mara nyingi kuliko nilivyoona ndugu zangu. Kwa kamera ya ubavuni ilikuwa imelaliana, mmoja mbele ya mwingine.

"Hii hapa," Mkubwa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kutafuta. "Kibanio."

Kibanio kikaingia, kikafungua mdomo, kikauzunguka mrija. Nikauangalia. Ulikuwa mnene. Na haukuwa unaingia kwenye kifuko, ulikuwa unapanda kuelekea ini.

"Dokta, simama kwanza," nikasema.

"Nabana."

"Hapana, Dokta. Simama."

"Musawo, shika kamera!"

Basi nikafanya kitu ambacho hakimo katika mafunzo yoyote. Niliivuta kamera polepole mpaka ikatoka nje ya tumbo. Daktari hawezi kubana asichokiona. Televisheni ikaonyesha dari, halafu ikaonyesha matundu ya pua ya mgeni rasmi, makubwa na yenye mwanga wa kutosha.

Nilisikia mashine ya kupumulia tu.

"Nani alikuambia utoe kamera?" Mkubwa hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Mimi nikiogopa Kiswahili cha shule kinanikimbia, kinabaki cha nyumbani. "Dokta, ile haiko kamrija ka kifuko. Ile njo mrija mukubwa. Fasi hii siko naona muzuri, na weye hauko unaona muzuri. Turudishe kamera ku kitovu."

"Unanifundisha?"

Hapo Sista Kyomuhendo akavuta pumzi. "Dokta, chombo usisogeze. Toa polepole." Kisha akawageukia wageni. "Wakubwa, hii chumba iko yangu. Nyote nasogea kule. Televisheni narudi mahali yake."

Wakasogea. Mtu ambaye hakuzaliwa na askari hawezi kuwasogeza watu wale kwa haraka vile. Walijikuta nyuma ya televisheni, wakitazama nyaya na vumbi, na nasikia nyaya zile zilikuwa za kisasa kabisa.

Kamera ikaingia kitovuni. Nikasimama ubavuni mwa Mkubwa, nikaweka kitufe juu, nikarudi nyuma kidogo picha ijae. Ilikuwa kama mtu amewasha taa. Mrija mkubwa ulikuwa pale, mzima, mnene, na mahali ambapo kibanio kilikuwa kimeufungulia mdomo palikuwa na alama ndogo nyekundu. Kando yake, kamrija kadogo kalikuwa kanangoja. Mkubwa aliangalia kwa muda mrefu. Nilisikia pumzi yake ikigonga barakoa. Halafu mikono yake ikarudi kuwa yake. Alibana, akakata, akakitenganisha kifuko na ini kana kwamba anamenya ndizi, na kikatoka kabla wageni hawajamaliza kulalamika kwamba hakuna viti.

Wakati wa chai mgeni rasmi alisimama akapongeza mashine. Akapongeza daktari. Akapongeza pia umeme. Kesho yake mimi nikapewa barua kwamba nimevuruga utaratibu mbele ya wageni, nikarudishwa kwenye mashuka.

Nilifua wiki saba. Nisiwadanganye kwamba nilijivuna kwa kufanya haki. Nililia ndani ya beseni, fasi ambayo maji hayaulizwi yametoka wapi. Sista alinipitia kila baada ya siku mbili kuniletea habari. "Mupya nashika kamera. Kamera nakimbia kama mbuzi," alisema, akaenda zake. Nilimwombea yule mpya. Kidogo.

Wiki ya saba Mkubwa alikuja mwenyewe kwenye chumba cha kufulia. Alisimama kwenye mvuke na viatu vyake vinavyong'aa, akatazama ukuta.

"Mashuka yanaendeleaje, Mama?"

"Yanakauka, Dokta."

"Jumatatu nina mgonjwa wa nyongo."

"Mungu amsaidie."

"Nataka uje ushike kamera."

"Barua inasema nisiingie."

"Nipe hiyo barua."

Ilikuwa mfukoni mwa aproni, nilikuwa natembea nayo sijui kwa nini. Akaikunja akaitia mfukoni mwake. Halafu akasema, bado anaongea na ukuta, "Nilikuwa naenda kuukata mrija mkubwa wa yule mama. Nilijua palepale uliporudisha kamera. Nikashindwa kusema mbele yao."

"Na baada ya wao kuondoka?"

"Baadaye ikawa ngumu zaidi," akasema.

Huo ndio ulikuwa msamaha. Nimewahi kupewa mizuri zaidi, lakini si na daktari. Jumatatu nilipoingia nilikuta ameweka plasta nyeupe sakafuni, alama ya magurudumu ya televisheni na alama ya miguu yangu. Tangu siku hiyo wageni waliangalia kupitia kioo cha mlango, kwa zamu, na tai zao.

Consolata alikuwa ametoka hospitali siku mbili tu baada ya kupasuliwa, nikamrudishia rozari yake. Alijipapasa tumbo akatafuta kovu refu, alipolikosa akadhani hakupasuliwa. Kila Jumapili anamtolea Mkubwa nia ya misa. "Muganga yule ni mtu wa Mungu," ananiambia, "alijua hasa fasi ya kukata." Namwambia kweli, alijua. Sijamsimulia hata leo. Anakula ugali wake na maharagwe yenye mafuta, analima kuanzia asubuhi, na sioni ninachoweza kumwongezea. Ninyi pia msimpelekee maneno.

Mwaka jana bega langu la kulia lilikataa, nikaomba kupumzika. Wiki yangu ya mwisho kulikuwa na daktari kijana, binti wa Isingiro, aliyekuwa anatoa kifuko cha nyongo kwa mara ya kwanza kwa mikono yake. Mkononi alikuwa na vyombo, usoni hakuwa na damu hata tone. Nikanyoosha mkono kuichukua kamera, bega likauma, nikasita. Mkubwa, mwenye mvi sasa, akavaa glavu akaichukua yeye. Chumba kizima kikamwangalia. Sista Kyomuhendo aliacha kuhesabu pamba.

Akabaki amesimama katikati na ile kamera, akiangalia upande huu na upande ule wa kitanda, kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu.

"Mama Nabintu," akasema, "mimi nisimame wapi?"

"Ubavuni mwake, Dokta," nikamwambia. "Uone anachokiona yeye."

Akaenda akasimama hapo.